Mama Fuko na Kisima cha Mama Mkwe

Jua ndiyo kwanza linapanda juu ya mabwawa ya majitaka, na tayari Mama Fuko ana tope hadi viwikoni. Anakamata mpini wa keekee ndefu ya chuma, anaizungusha kwa mwili mzima, kisha anaivuta juu taratibu. Kwenye meno ya keekee umenasa udongo: juu mchanga mwekundu, chini mfinyanzi wa kijivu.

Anaumega, anausokota kati ya viganja mpaka unakuwa uzi mwembamba. Uzi haukatiki.

"Huu ni msiri," anasema akitabasamu. "Udongo ukikubali kusokotwa hivi, maji hayapenyi kirahisi. Mchanga ndio mmbea. Ukiuachia kitu juu, muda si muda kimefika chini."

Jina la Fuko alipewa na wafanyakazi wenzake, wakimfananisha na mnyama anayechimba chini kwa chini. Hakununa. "Fuko haoni vizuri," anasema, "lakini nani atamdanganya habari za ardhi?"

Kazi yake ni kuchunguza udongo na maji ya chini ya ardhi kuzunguka kituo cha kusafishia majitaka ya mji. Kando ya mabwawa kuna mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini. Ndani yake hushusha utepe wa kupimia ambao hulia "pii!" ukigusa maji. Huchota maji kidogo yakapimwe maabara. Bwawa likianza kuvuja, mabomba hayo ndiyo ya kwanza kusema.

Alianza hapo kama kibarua wa kufyeka nyasi. Mtaalamu wa miamba wa kituo, aliyechoka kuulizwa maswali, akamkabidhi keekee na kumwambia ajijibu mwenyewe. Baadaye akasoma masomo ya jioni, mtoto mgongoni, mpaka akapata cheti.

"Mshahara si wa kujengea ghorofa," anasema, "lakini watoto wangu wote wawili wako sekondari, na mimi usingizi ninaupata."

Usingizi huo ulimpaa mwaka jana.

Mama mkwe wake anaishi kwenye mteremko ulio juu ya kituo. Kisima chake, kinachotumiwa na majirani pia, kilianza kunuka. Watoto wakashikwa na matumbo. Bibi hakungoja kuambiwa. Alikusanya nusu ya mtaa hadi kwenye geti la kituo.

"Mke wa mwanangu anafanya kazi humo humo, halafu mimi ninyweshwe uchafu wenu!" alifoka.

Mama Fuko alikuwa nyuma ya geti, keekee mkononi. "Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," anakumbuka, akicheka. "Tena kwa kazi yangu, ningejua nimeangukia tabaka gani."

Alimwendea msimamizi wa kituo na kumweleza bila kuficha kwamba mlalamikaji ni mkwe wake. Akaomba chupa za sampuli zifungwe na mwenzake, na majirani wawepo wakishuhudia. Msimamizi akakubali, na kisima kikafungwa kwa muda.

Mumewe, fundi cherehani, alijikuta katikati. "Mama ubapa mmoja wa mkasi, mke ubapa wa pili," anasema fundi huyo. "Kitambaa ni mimi."

Mama Fuko akachimba kuanzia ukingo wa mabwawa akipanda kuelekea kwenye nyumba ya mama mkwe. Vipimo vikaonyesha kwamba maji ya chini yanateremka kutoka mtaani kwenda kituoni, hayapandi. Majibu ya maabara yakaja na jambo jingine: karibu na mabwawa maji yalikuwa salama, na uchafu ulizidi kila alipokaribia nyumba.

Upande wa juu wa kisima kulikuwa na kitu kimoja tu: choo cha mama mkwe. Kilichimbwa kwenye mchanga, na bibi alikuwa akijivunia kwamba hakijawahi kujaa.

"Nikamwendea polepole," anasimulia. "Nikamuuliza, 'Mama, choo kisichojaa, mzigo wake kinaupeleka wapi?'"

Bibi akashika kiuno. "Unataka kuniambia nini, mwanangu?"

"Sitaki nikuambie, Mama. Nataka uone kwa macho yako."

Mbele ya majirani, rangi ya kijani isiyodhuru ikamiminwa chooni. Siku zikapita. Bibi akawa anavuta ndoo kila asubuhi na kumwaga maji meupe, akiguna kwa ushindi. Kisha asubuhi moja ndoo ikapanda na maji ya kijani kama majani mabichi.

Alikuwa peke yake. Angeweza kuyamwaga na kunyamaza. Badala yake akapaza sauti: "Njooni nyote! Kumbe adui ni mimi!" Na yeye ndiye aliyeanza kucheka.

"Nilimkimbilia," anasema Mama Fuko. "Akanikumbatia na tope langu lote. Akasema, 'Nisamehe, mama. Nilikutukana mbele za watu, na nitakusifu mbele za watu.'"

Choo cha zamani kikanyonywa na kufukiwa. Majirani waliofuatana na bibi hadi getini wakashika sepetu kumchimbia kingine, mbali upande wa chini wa kisima, chenye tangi la zege lisilovuja. Kisima kikasafishwa na kupimwa tena na tena, mpaka maabara ikaridhika na matumbo ya watoto yakatulia. Kituo nacho sasa huwaalika wakazi kila kinapochukua sampuli.

Mama Fuko anataka kuvuka geti hilo. Ameomba kibali cha kukagua udongo wa mteremko wote, ili asiwepo mtu wa kuchimba choo au kisima kabla ya kujua maji yake yanaelekea wapi. Msimamizi amemwahidi keekee ya pili, na viongozi wa mtaa wameshakubali aanze.

Mpiga debe wake keshapatikana, na tayari anabisha hodi mlango kwa mlango.

"Yeye ana keekee, mimi nina mdomo," anasema mama mkwe, akijifunga kanga kiunoni. "Hebu nitajie nyumba itakayotushinda."