Meza ya Aabo Isiyokuwa na Misumari

Tukipita mbele ya karakana ya seremala, wenzangu husifu harufu ya mbao zinazopigwa randa. Mimi huharakisha hatua. Msinicheke. Kwangu hiyo ni harufu ya Garissa wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa Kisomali, nilipokuwa binti mdogo mwenye mapengo ya meno ya mbele, na ni harufu ya woga.

Aabo, baba yangu, alikuwa seremala, lakini kazi zote alizifanyia chini, amechutama mchangani, ubao ameukanyaga kwa unyayo. Mgongo ukamshinda. Meza ya kununua hatukuiweza hata kwa ndoto, basi akaamua kuiunda mwenyewe kwa vitu vilivyotupwa. Uso wa meza ulitokana na mbao za bodi ya lori bovu, zikinuka dizeli na mbuzi. Miguu ilikuwa ya mgunga. Aliifanya pana ili mlango mzima uweze kulazwa juu yake wakati wa kuunganishwa, na akaipima kwa sinia la maji. Maji yakikimbilia upande mmoja, alichonga mguu tena huku akinung'unika.

Misumari mirefu ilikuwa adimu siku hizo, na mwenye vyuma vingi nyumbani alitiliwa shaka. Hapo ndipo Hooyo, mama yangu, alipoingia kazini. Alikulia malishoni huko Wajir, ambako wanawake ndio hufunga na kufungua nyumba za kuhama, zile za fito na mikeka zinazobebwa na ngamia. Aliifunga miguu kwa kamba za magome alizozisokota mwenyewe, akizungusha na kuvuta, hadi kila kona ikavimba kama goti lenye jipu. Aabo akapanda juu akarukaruka. Haikutikisika. Hooyo akamwambia ashuke kabla majirani hawajasema ameingiwa na jini.

Meza haijapata hata mikwaruzo, alasiri moja lori la askari likasimama kwenye kona ya mtaa wetu. Tulijua maana yake. Wanaume walikuwa wakitolewa majumbani na kupakiwa, na wengine waliopakiwa kabla ya hapo hatukuwaona tena. Askari wawili wakaingia uani. Mmoja akamkalisha Aabo chini, mikono kichwani. Wa pili akaizunguka meza, akizibonyeza zile kona zilizovimba.

"Hapa ndani mmeficha risasi," akasema. "Mama, fungua hii kamba!"

Alichomoa kisu, lakini kilikuwa butu, kikazikwaruza tu. Mimi nilikuwa nimeshajikojolea, mkojo ukinichoma miguuni, na sikuthubutu kulia.

"Afande, ngoja," Hooyo akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, kwa sauti tulivu iliyonitisha zaidi. "Hii kamba kafu sana. Natia maji kwanza. Bole bole itafunguka, utaona mwenyewe."

Akaleta birika. Akamimina maji kidogo kwenye fundo, akavuta, akatikisa kichwa, akamimina tena. Birika likaisha, akalifuata pipa mwendo wa mtu aendaye harusini. Akawakaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Mikono ya Aabo ilikuwa juu ya kichwa chake, nje wanawake wakipiga kelele, na Hooyo bado anabembeleza fundo! Nilimchukia. Niliamini anaionea huruma meza yake kuliko mumewe.

Ghafla honi ikalia. "Limejaa! Twende!" mtu akaita kutoka barabarani. Yule askari akaipiga meza teke, akasema watarudi, kisha wote wawili wakatoka mbio. Aabo hakushusha mikono mpaka Hooyo alipomshika na kuishusha. Hawakurudi, lakini kwa muda mrefu kila alasiri nilikuwa nikitapika.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipopelekwa kwa Ayeeyo, bibi yangu, huko Wajir. Asubuhi ya kuhama akaniambia nifungue kamba za nyumba. Nikachukua chombo cha maji nikaanza kuyalowesha mafundo, kwa kuwa ndivyo nilivyomwona Hooyo akifanya. Ayeeyo alicheka hadi akakaa chini.

"Wewe mtoto wa mjini! Kamba ya magome ikilowa ndiyo inabana. Nani alikufundisha hivyo?"

Akashika ncha, akavuta mara moja, kamba yote ikadondoka mchangani. Nilibaki na chombo mkononi, nikilikumbuka birika la Hooyo.

Niliporudi Garissa nilimweleza Hooyo. Alikuwa akipepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Kutoka pale nilipokuwa nimechutama, kona ya mtaa ilionekana yote kupitia mlango wa ua," akasema. "Nilikuwa naangalia lori likijaa. Likajaa waume za watu."

Mikono yake ikasimama. Sikumuuliza ni nani aliyeketi mahali pa Aabo ndani ya lori lile, maana niliona usoni mwake kwamba anamjua kwa jina.