Duara Nililolichora kwa Majivu

Mkasa huu ningeuzika kama si kaka yangu Omondi kuusimulia kila akiona watu watatu wameketi pamoja (na kila mara ananiongezea upumbavu mmoja mpya), basi afadhali mnisikie mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu.

Kuna kitabu cha kale cha Ulaya, kiliandikwa kwa mkono karne nyingi zilizopita, kwa herufi ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Picha za kurasa zake ziko mtandaoni, na mimi, mwandishi wa riwaya moja isiyoisha, nilikwama kwenye ukurasa mmoja: duara kubwa, ndani yake maduara madogo, upande wa chini pengo, na kando ya pengo doa la wino kama ndege. Wengine husema ni nyota, wengine husema ni dawa. Nililitazama miezi minne, nikilala nalo na kuamka nalo, hadi siku moja nikaliona: ni boma! Nyumba, maghala, lango. Mtu fulani wa zamani alishikwa na hamu ya kwao, akakaa akachora kwao.

Nikatangaza ugunduzi wangu katika kikundi chetu cha waandishi kule Homa Bay. Bi Achieng, mwenyekiti wetu, ambaye husifu mtu mara moja kwa mwaka, alisema, "Okoth, maneno matamu tunayo ya kutosha. Jumamosi tuonyeshe."

Hapo ndipo nilipoamua kulichora duara lile ardhini, kwa ukubwa wa boma halisi, kisha nirekodi video kutoka juu. Nyumbani kwetu, upande wa Ndhiwa, kuna mteremko mzuri chini ya mwamba. Ndiyo, nilijua baba alikwisha mwonyesha Omondi mteremko ule, kwamba mwezi wa nane, mavuno yakiisha, atahamia pale na mkewe na mwanawe awe na boma lake. Alikuwa amelingoja miaka. Lakini mimi nilikuwa naazima tu, asubuhi moja, na majivu hupeperuka.

Ijumaa jua likichomoza nikaegemeza simu mwambani irekodi, nikashuka. Nyundo sikuiona, nikachukua shoka nipigilie vigingi kwa kisogo chake. Majivu niliyazoa kwa karai jikoni kwa mama bila kuangalia kwamba chini yana makaa ya moto, kwa hiyo nilitembea nikifuka moshi kama tanuri la matofali. Na kwa ajili ya lile doa la wino (mimi si mtu wa kuacha jambo nusu) nikamkamata jogoo wa mama, nikamfunga mguu kwenye kigingi cha langoni.

Sasa, wasio wa kwetu wanisikilize. Mjaluo anayetoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma hutoka asubuhi na mapema, akiongozwa na baba, pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, na vitu wanavyobeba ni jogoo, shoka na moto. Na mdogo hamtangulii mkubwa. Akimtangulia amemfungia kaka yake njia, mpaka wazee wakae, na wazee wakikaa wanaweza kukaa mwaka.

Aliyeniona kwanza ni jirani yetu, Mama Akinyi, akitoka mtoni na ndoo kichwani. Akatazama shoka. Akatazama moshi. Akatazama jogoo. Sauti aliyotoa nadhani waliisikia hadi Isebania, kule mpakani.

"Uwi! Okoth anaanzisha boma! Na hana hata bibi!"

"Mama, ni utafiti!" nikajibu, nikaendelea kupigilia, maana vigingi vilibaki vitatu tu. Nilipoinua kichwa, mteremko ulikuwa umejaa watu.

Omondi alifika shati halijafungwa vifungo. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "ungeniambia tu kama hutaki nihame."

Nyuma yake mkewe analia. Nikatoa mfukoni karatasi niliyonakilia ule ukurasa. "Kaka, ni mchoro wa kitabu cha Wazungu. Hakisomeki!"

"Hakisomeki?" akadakia Mama Akinyi. "Mbona sisi wote tumekisoma?"

Baba akaja na fimbo yake, akazunguka duara bila kulikanyaga.

"Umelala hapa?"

"Hapana, baba."

"Umepika?"

"Hapana."

"Jogoo amewika?"

"Bado."

"Basi hakuna boma hapa. Ng'oa."

Na jogoo, aliyekuwa kimya tangu alfajiri, akakunjua mabawa, akanyoosha shingo. Niliruka. Nikamdaka mdomo kwa mikono miwili, tukaanguka pamoja juu ya karai, na makaa yale niliyoyasahau yakanikumbuka: suruali ikashika moto matakoni. Mama Akinyi akanimwagia ndoo nzima. Nikang'oa vigingi kumi na viwili, nimeloa, suruali ina dirisha, jogoo kwapani nimemziba mdomo, kijiji kikihesabu kwa sauti. Kwenye cha saba nikasikia Omondi anacheka, na kicheko kile kilinipoza kuliko yale maji.

Jumamosi nikawaonyesha video, kwa sababu niliahidi. Bi Achieng aliitazama mara mbili. "Duara bado hatujalielewa," akasema, "lakini wewe tumekuelewa."

Mwezi wa nane Omondi alihama, baba mbele, mwanawe amekumbatia jogoo. Mimi niliwekwa mbali, karibu na mwamba. "Omera, mikono mfukoni," kaka aliniamuru. Nikatii. Mfuko wa kulia ulikuwa na ile karatasi, maana duara lile sijaliacha na sitaliacha, yule mchoraji alikuwa na kwao, na siku moja nitapajua. Ila nimeapa: nitalisomea mezani, kwa penseli, na sitachora hata mstari mmoja ardhini kabla ya kuuliza ni nani anayeweza kuusoma.

Jogoo akawika. Nilitaka sana kupiga makofi. Nikaikumbuka mikono, nikaiacha ilipo.