Nondo Wapya Kumi na Wawili

Kwa miaka kumi na tisa Bibi Kabati alitunza kabati moja la kioo katika jumba la makumbusho, na kwa muda wote huo watu wanne walisimama kulitazama. Mmoja wao alikuwa anauliza choo. Ndani mlikuwa na kirukanjia, ndege wa usiku, aliyekaushwa, kando yake nondo, wale wadudu wa usiku, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: "Wote wawili hulala mchana. Wote wawili hujificha kwa rangi ya gome. Tofauti ni kwamba mmoja humla mwenzake."

Sasa nondo walikuwa wameliwa na sisimizi, zimebaki pini. Mkurugenzi, mtu wa huruma tele, alimpa hadi Ijumaa wageni watakapokuja: kabati lijae, au lipishe mashine ya soda. Roho ilimuuma, maana hakuwa na kitu kingine cha kujivunia pale kazini.

Akaandika ombi: "Nondo wapya kumi na wawili." Likafika kwa Ofisa Manunuzi, bingwa wa sarufi asiyetumwa wala kuombwa, akakata neno kwa kalamu nyekundu.

"Mama, nondo si watu. Ni nondo mpya kumi na mbili. Tuitunze lugha yetu."

"Lakini baba, hao wana mabawa!"

"Hayo tuachie sisi wataalamu."

Alhamisi lori lilishusha vyuma kumi na viwili vya kujengea ghorofa. Bibi Kabati alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Alipojifuta machozi aliomba msumeno, akakata kipande, akakilaza kando ya ndege na kuandika kibao cha pili: "Nondo mpya. Haina mabawa, hairuki, hailiki. Hupatikana ofisi ya manunuzi."

Wageni walicheka, wakapiga picha, wakasoma na kibao cha zamani mpaka mwisho. Kabati likanusurika. Jumatatu barua ya pongezi ikabandikwa ubaoni: kwa Ofisa Manunuzi, kwa ubunifu wake.

Mwenyewe akaja kulitazama kabati "lake", meno yote nje. Bibi Kabati akamsogeza kwenye kioo na kumwonyesha mstari wa mwisho wa kibao cha zamani.

"Soma, mwanangu. Kwa sauti."

"'Mmoja humla mwenzake,'" akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sarufi iko sawa kabisa, mama."