Gari la Mjomba Gaolathe

Gaolathe wa Mahalapye ni mbishi, na ubishi wake haukuanza jana. Gari lake lilikuwa likigongagonga kwa mbele kila lilipopita shimo, bushi za mpira zimekwisha, gurudumu la kulia linacheza kama jino bovu. Kila mtu alimwambia alipeleke kwa fundi. Akasema fundi atalilaza wiki nzima, na yeye Jumamosi alfajiri ana kazi Serowe: kumposea mpwa wake Thuso. Mjomba ndiye msemaji, na posa huingia uani kabla jua halijatoka. Likichomoza mko njiani, mmejiaibisha.

"Si upande na Oteng," mkewe alimwambia. Oteng ni mdogo wake Gaolathe, ana gari jipya.

"Lile la kubebea mayai? Mjomba mzima nishushwe mlangoni kama kifurushi?"

Basi Ijumaa akajilaza chini ya gari. Mikono miwili ya chini, ile inayoshika magurudumu ya mbele, alikuwa ameshainunua kwa wauza vyuma vya magari mabovu. Wa kushoto ukaingia vizuri, akajisifu mpaka jirani akasikia. Wa kulia ndio uliomtoa jasho. Bolti ilishikwa na kutu, haisikii mafuta wala nyundo, akachukua msumeno akaukata mkono wa zamani vipande viwili. Akauinua mpya. Haukukaa. Akaugeuza, akausukuma kwa goti, akautukana. Wapi.

"Baba Lorato," mkewe akasema, chai mkononi, "huu si sawasawa na ule uliofunga kule?"

Ni kweli. Alinunua yote miwili ya kushoto, na hakujisumbua hata kuilinganisha. Mtu mzima na akili zake. Wa zamani ndio huo vipande viwili, maduka yamefungwa, na safari ni jioni ile ile. Akampigia dada yake Boitshoko, mama wa Thuso.

"Dada, ahirisheni. Bila mimi nani atasema?"

Boitshoko akajibu, "Oteng. Tulimwomba tangu Jumatatu. Tunakujua, kaka, ukishika spana hushikiki."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungekubali?"

Gaolathe akakaa juu ya tairi, grisi mpaka viwikoni. Aliwakasirikia wote, akakikasirikia na kile chuma, mwisho akajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo haikumtoka.

Oteng alipofika langoni hakumtania. "Kaka, koti unalo? Posani hawaingii bila koti."

"Ninalo. Nikae wapi?"

"Nyuma, na akina mama."

Akanawa, akavaa koti, akaenda kukaa nyuma. Walipopita Palapye, Oteng akaanza kuyarudia maneno ya posa kwa sauti, akayakosea. Gaolathe alivumilia mara ya kwanza. Ya pili ikamshinda, akamsahihisha neno kwa neno, pole pole, mpaka mdogo wake akayashika yote.