Mwali Aliyekwenda Kwenye Mtihani

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kufyeka shamba letu la Zombo, nimechoka, nataka maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Nikakuta ua wetu umetulia kuliko kawaida, na mlangoni pa chumba cha ndani pametundikwa khanga. Kwenye kizingiti alikuwa ameketi Bi Mwajabu, mdogo wake marehemu bibi yetu mzaa mama, ambaye ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji kizima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kicheko, akaniambia nimshukuru Mungu, maana mdogo wangu Zuhura amevunja ungo na amekwisha kuwekwa ndani.

Ninyi wa siku hizi huenda hamjui uzito wa maneno hayo. Msichana akivunja ungo aliitwa mwali. Alikaa chumbani, asionwe na mwanamume wala kupigwa na jua, akafundishwa na kungwi mambo ya utu uzima mpaka ngoma ichezwe na atolewe nje. Wakati ule mwali aliweza kukaa ndani miezi. Zuhura alikuwa darasa la saba, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa wiki iliyofuata.

Nikavuta kigoda nikakaa. Baba yetu alifariki mimi nikiwa mdogo. Mama alipomfuata nilikuwa darasa la tano, mkubwa kati ya ndugu zangu, na hakuna aliyeniuliza kama ninaacha shule. Ilieleweka tu. Asubuhi moja nilivaa khanga badala ya sare, nikachukua jembe la mama. Sikuona uchungu sana, maana kazi haikunipa nafasi ya kuuona. Lakini kila Zuhura alipotoka na daftari zake nilimsindikiza kwa macho mpaka njia ilipoishia, na nikisema sikumwonea wivu hata kidogo nitakuwa nakudanganya. Nilitaka afike kule ambako mimi sikufika. Hilo ndilo lililokuwa limefungiwa nyuma ya ile khanga.

Nikamweleza Bi Mwajabu habari ya mtihani. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema mtihani utakuwepo na mwakani. Nikamwambia mtihani huu haurudiwi. Akaniuliza kama nataka mvua zikichelewa watu waje kutunyooshea vidole sisi, watoto yatima, kwamba ndio tuliotembeza mwali juani. Nikaenda kwa mjomba. Naye akasema mambo ya mwali ni ya wanawake, yeye hayaingilii, akarudi kwenye kahawa yake.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Salome.

Huyu alikuwa mwalimu wa sayansi pale shuleni, mzaliwa wa Kimamba, babu yake alikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge asirudi tena kwao. Kijijini walimwita Mwalimu Konokono. Jina hilo alilipata kwa sababu alikuwa akiingia kwenye mifereji ya mpunga, sketi ameifunga juu ya magoti na mabuti ya mpira miguuni, anaokota konokono anawatia kwenye chupa. Aliiweka chupa juani, halafu anawaita wanafunzi, mmoja mmoja anatazama kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya maji vilionekana vijidudu vyembamba vikichezacheza. Akawaambia hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye ngozi ya mtu anayeoga mferejini, na ndivyo vinavyowafanya wakojoe damu. Watu wengi siku hizo walidhani kijana wa kiume kukojoa damu ni dalili ya kukua. Walimcheka sana. Mwanamke mmoja alimuuliza mbele ya watu kama amekosa mume wa kumpikia mpaka ashinde na konokono. Mwalimu akajibu kwamba konokono hawalalamiki chumvi ikizidi. Akaendelea kuokota.

Nilimkuta anafua. Nikamweleza yote pumzi zikinikimbia, na mwisho nikamwambia nilichopanga. Nilitaka twende pamoja ofisi ya kata, tulete mgambo, mlango ufunguliwe kwa nguvu, nami nimchukue Zuhura nikamfiche Kimamba mpaka mtihani upite. Nilijua angefurahi. Alikuwa msomi, na mimi nilidhani kazi ya wasomi ni kuzishinda desturi.

Aliikamua nguo iliyokuwa mkononi, akaianika, akageuka. Hakupandisha sauti.

"Umekuja kwangu unatafuta askari," alisema. "Mimi ni mwalimu. Kama unataka askari, ofisi ya kata unaijua."

Akachukua nguo nyingine kwenye beseni.

"Mkishavunja mlango wa bibi yako, mwakani binti wa jirani akiwekwa ndani nani atanisikiliza mimi? Na ninyi mtalima na nani, mtazikwa na nani? Umewahi hata kumuuliza yule mama anaogopa nini?"

Nilisema namjua, ni bibi yangu. Akasema kumjua mtu na kumuuliza ni vitu viwili. Maneno hayo yaliniuma, mwanangu. Niliondoka pale nimekasirika, najiona nimekwenda kuomba msaada nikapewa somo. Lakini nilipogeuka njiani nilimwona amejifunga khanga ya pili, anakuja nyuma yangu.

Hakuingia kwa Bi Mwajabu kama mtu mwenye shauri. Alivua viatu, akaamkia, akaketi chini kwenye mkeka, akaomba afundishwe. Alisema yeye ni mgeni wa desturi yetu, anataka kujua mwali anakatazwa nini. Bi Mwajabu alimtazama kwa mashaka, lakini hakuna mwalimu anayekataa kuulizwa juu ya somo lake. Akaanza kueleza. Alieleza kwa muda mrefu, na Mwalimu Salome hakumkatiza. Mwali hapigwi na jua. Mwali haonwi uso na mwanamume. Mwali hatembei peke yake.

"Na kushika kalamu, bibi, anakatazwa?"

Bi Mwajabu alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mwanamke mjanja. Nani alikuwa na kalamu enzi hizo hata wakataze?"

"Basi nisaidie. Wewe una mwali, mimi nina mtihani, na mtoto ni mmoja."

Hapo ndipo Bi Mwajabu alipotoa kilichokuwa moyoni. Alisema mama yetu kabla hajafa alimshika mkono akamwomba amlelee hawa watoto wasije kuchekwa. Zuhura akitolewa ovyo na baadaye akakosa mume, au akapata mimba huko shuleni, watu watasema kungwi alimlea vibaya kwa kuwa hana mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia habari hiyo. Siku zote nilidhani anashindana nami tu, kumbe sote wawili tulikuwa tumeshika ahadi kwa mtu mmoja.

Walizungumza mpaka jua likageuka. Bi Mwajabu aliweka masharti yake, na Mwalimu akaenda kuyapigania kwa mwalimu mkuu, ambaye nasikia alishika kichwa.

Asubuhi ya mtihani tulimtoa Zuhura chumbani. Wanawake wa ukoo wetu walitandaza khanga juu yake, mmoja ameshika ncha hii na mwingine ile, sisi wengine tukamzunguka pande zote. Tulitembea pole pole kuelekea shuleni. Wanaume waliokuwa njiani walisimama wakageuza nyuso, kama desturi inavyotaka. Mtu asiyejua angedhani tunampeleka bibi harusi. Chini ya khanga nilimsikia Zuhura ananong'ona majina ya sehemu za ua, petali na stameni, na shangazi mmoja akamwambia anyamaze, mwali hapayuki.

Alipewa dawati la pembeni kabisa, uso ukutani, kichwa kimefunikwa. Msimamizi alikuwa mwanamume aliyetoka shule nyingine. Alipotoka barazani akamkuta Bi Mwajabu ameketi chini karibu na mlango, amenyoosha miguu. Akamuuliza, kwa heshima lakini kwa wasiwasi, anafanya nini pale.

"Kazi kama yako," alijibu Bi Mwajabu. "Wewe unasimamia karatasi, mimi nasimamia mtoto. Rudi ndani wasije wakaibiana."

Yule bwana alirudi ndani. Bi Mwajabu hakuondoka pale mpaka karatasi ya mwisho ilipokusanywa, kisha tukamrudisha mwali wetu chumbani kama tulivyomleta.

Zuhura alifaulu. Alikwenda sekondari Kilosa mjini, akaenda chuo, na leo ni mwalimu wa sayansi huko Mikumi, na wanafunzi wake wamo mahospitalini na kwenye hifadhi wanakotunza wanyama. Mvua za mwaka ule zilichelewa kidogo, na wapo waliosema. Lakini Bi Mwajabu aliwajibu yeye mwenyewe, na hakuna aliyetaka kubishana na Bi Mwajabu mara mbili.

Ila kwangu mimi jambo kubwa lilitokea mwaka uliofuata. Binti wa nyumba nyingine alikaribia umri, na Bi Mwajabu, bila kuombwa na mtu, alinituma kwa Mwalimu Salome. Nimuulize shule zinafungwa lini na mtihani ni lini, apate kupanga ngoma yake. Nilipofikisha ujumbe ule Mwalimu aligeukia dirishani, kisha akaniandikia tarehe zote kwenye karatasi. Tangu hapo mwali wa kijiji chetu hukaa ndani wakati wa likizo, na hakuna sheria iliyoandikwa wala mlango uliovunjwa. Tena Bi Mwajabu akaongeza kwenye mafunzo yake kwamba mwanamke mwenye akili haogeshi watoto mferejini. Kile kioo cha kukuzia cha Mwalimu, Bi Mwajabu alikuwa ametazama nacho siku moja pale kwenye mkeka, akasema macho yake mabovu, akaomba atazame tena.

Mwanangu, redioni nasikia wakisifu watu waliogundua dawa, walioanzisha vyuo, waliobadilisha nchi. Ni watu wa kusifiwa. Mimi sikukutana na hata mmoja wao. Niliyekutana naye alikuwa na mabuti ya mpira na jina la utani, na alitufundisha maisha yake yote mpaka akastaafu, akarudi Kimamba, akazikwa huko. Aliipenda kweli aliyoiona kwenye ile chupa, lakini hakuifanya fimbo ya kutupigia.

Najua wengi wenu mnarudi likizo kutoka vyuoni mkiwa na hasira. Mnaona mambo ya nyumbani ambayo hayakai sawa, na mara nyingi mnaona vizuri kuliko sisi. Sikuambii uyaache. Mtoto akizuiwa shule, usilale. Ila kabla hujaenda kutafuta nguvu ya kuwashinda wazee wako, vua viatu uketi nao, uwaulize wanaogopa nini, na ukae mpaka wajibu. Hofu ya mtu ukishaijua utaweza kumtafutia njia ya kupita naye. Na usiache ulichojifunza hata wakikucheka. Kibebe kila siku, kwa uchangamfu, mpaka wakuombe wenyewe watazame. Hata wewe ambaye shule ilikukatikia njiani kama mimi, usijione huna nafasi. Katika msafara ule kulikuwa na ncha za khanga za kushikwa, na mimi nilishika yangu.

Mungu akufungulie milango bila kelele. Akukutanishe na mwalimu atakayekukemea kwa upendo, akupe subira ya kumsikiliza, na watoto utakaowafundisha wewe wafike mbali kuliko ulikofika. Amina.