Siku ya Kumi na Sita ya Bi Mwanapili

Shangazi yangu Mwanapili wa Mtambile anazijua hukumu za damu kuliko chuo kizima cha Kurani. Ukimwuliza mwisho wa hedhi, atakwambia siku kumi na tano. Ikizidi hapo ni istihadha, damu isiyozuia ibada: koga, jifunge vizuri, sali na ufunge. Swali la pili hakufundishwa: damu yote hiyo inatoka wapi?

Miaka minne alitokwa na mabonge ya damu, na miaka minne alihesabu siku tu. Mie niliyeishia nusu diploma ya afya nakaa nyumba ya pili, na sikuuliza vilevile. Tumbo likatuna. Majirani, ambao macho yao hayana likizo, wakaanza kumletea maembe mabichi wakidhani ana mimba. Ana miaka thelathini na minane, hana mtoto. Aliyala yale maembe, wala hakuwasahihisha.

Ramadhani hii, siku ya kumi na sita ya damu, akakoga akafunga. Adhuhuri nikamkuta chini jikoni, mbuzi ya kukunia nazi imempindukia ubavuni, midomo rangi ya jivu. Nikamwambia afungue. Akasema istihadha si udhuru. Nikamwambia kuzimia ndio udhuru wenyewe, fatwa nyingine tutaipata njiani.

Hospitali, Daktari Alefiya alimpiga ultrasaundi, akatueleza taratibu. Kizazi kina fibroidi tatu, moja kubwa kama nazi. Si saratani, si uchawi, ni nyama iliyoota. Wanawake wengi wanazo bila kujua, ila hizi zimemmaliza damu mpaka imebaki gramu tano, chini ya nusu ya kawaida. Ataongezwa damu, kisha apasuliwe.

"Na kizazi?" shangazi akauliza.

"Nitajaribu kukibakisha, Bi Mwanapili. Damu ikikataa kusimama, nitakitoa. Siwezi kukuahidi."

Mumewe, Masoud, alikuwa mlangoni akitazama viatu vyake. Shangazi akamtuma maji. Alipoondoka tu, akanivuta mkono.

"Wakikitoa, niambie wewe, kabla yake yeye. Masoud ataniambia mambo mazuri, na mie staki mambo mazuri."

Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua kalamu na karatasi ya kukubali kupasuliwa, akaandika polepole, jina lake, la baba yake, mpaka la babu, na ile karatasi akaishikilia kidogo kabla ya kumpa daktari.