Swali la Mwenye Nyumba

Kule jijini kila mtu alimwita Mama Pacha, hata baada ya pacha mmoja kugongwa na gari mbele ya lango la ghorofa walimoishi. Alikuwa msusi. Wateja wake walijisahau: "Mama Pacha, leo nataka mistari ya kurudi nyuma." Kisha wanang'ata ulimi. Naye anasema si neno, huku vidole vyake vimeingia ubaridi kichwani mwa mtu.

Kilichomtesa zaidi ni uso. Binti aliyebaki alikuwa anakua, na kila jino jipya lilipochomoza, yule aliye kaburini naye aliota jino. Asubuhi mama akimchana nywele, kuna nyakati hakujua anamchana nani.

"Tuhame," mumewe akasema. Alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache. "Twende mji mdogo, nje kidogo. Kazini nitakuwa nakwenda na kurudi. Huko hakuna anayetujua."

Basi zikaanza safari za Jumamosi, wote watatu. Mji wa kwanza ulikuwa na shule nzuri na zahanati, lakini barabara kuu iliupasua katikati, na malori yakipita vioo vya madirisha vinatetemeka. "Turudi," mama akasema, hata nyumba hawajaiona. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mji wa pili ulijificha nyuma ya vilima, baiskeli nyingi kuliko magari. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ua wa kuanikia nguo. Baba akachungulia soketi moja baada ya nyingine, kama daktari anayekagua koo. "Waya hizi zina homa," akasema, "lakini zitapona." Mama akacheka, alikuwa hajacheka kitambo. Hapo mwenye nyumba, bibi mmoja mchangamfu, akauliza, "Na watoto mnao wangapi?"

"Mmoja," akajibu baba.

"Wawili," akajibu mama, papo hapo.

Bibi akamtazama binti, kisha akatazama mlangoni, kama anayemsubiri wa pili aingie. Mama naye akatazama. Mpaka leo anaapa kwamba alisikia kandambili zikiburuzwa sebuleni.

Walipotoka nje, baba akashindwa kujizuia. "Mke wangu, si tumekuja huku ili tumsahau?"

"Wewe ndiye uliyekuja kumsahau. Mimi nakimbia midomo ya watu."

"Nikipita pale langoni namwona. Kila siku namwona! Nimechoka."

Binti alikuwa akichora mchangani kwa kijiti. Akauliza bila kuinua kichwa, "Baba, tukihamia hapa, yeye ataijua njia?"

Yule fundi, ambaye hata mazishini hakutoa chozi, akachuchumaa palepale njiani, akalia kama mtoto. Mama akamshika bega binti yake. "Unataka aijue?"

"Ndiyo. Sitaki abaki kule peke yake."

Mama akarudi ndani. "Shikamoo tena, mama," akamwambia bibi. "Watoto ni wawili. Mmoja ni huyu. Mwenzake alifariki. Nyumba tumeipenda."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana." Bibi akamshika mkono. "Hata mimi nikiulizwa hilo swali, huwa nasita."

Wakahamia kabla mvua hazijaanza. Binti akasukuma kitanda chake hadi ukutani, nusu ya chumba akaiacha tupu, na wazazi hawakuweka kitu. Siku hizi mama husukia barazani. Mara nyingine humsikia binti chumbani akisimulia jambo, kisha kimya kifupi, kisha kicheko, kama cha mtu aliyejibiwa. Mikono ya mama husimama.

"Vipi, shoga?" mteja huuliza.

"Hamna kitu. Inamisha kichwa."

Zamani angekimbia kwenda kuangalia. Sasa humalizia msuko ule, akaikaza ncha, akashika mwingine.